Ukitaka kuandika historia ya klabu yenu, anza na wazee wa magongo

Mbukwenyi wapendwa. Klabu yetu hapa Dodoma ilinipa kazi ya kuandika historia yake, ni klabu ya mtaani tu, ina timu ya mpira wa miguu mpaka leo na zamani ilikuwa na timu ya mpira wa magongo yaani hoki. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili, imenila mwaka na zaidi. Kuna watu wa Kondoa na Manyoni wameniuliza nilifanyaje maana na wao wanataka kuandika za kwao, basi naandika hapa wote msome.

Kwanza kabisa, msianze na soka. Mimi nilianza na soka na ndilo kosa ninalolijutia. Stori za soka ziko kila kijiwe, ukikaa pale soko la Majengo saa moja tu unajaza daftari, na mimi nilijaza madaftari mawili nikijiona nachapa kazi kweli kweli. Wakati huo huo mzee mmoja aliyekuwa golikipa wetu wa magongo alinitumia salamu kwamba nipite kwake Chang'ombe ana mambo ya kunisimulia. Nikasema nitapita. Wiki tatu baadaye nilipita kweli, lakini nilienda msibani. Soka ina watu mia wa kuisimulia, magongo ilikuwa na watu kumi na wachache, na kila mmoja akiondoka anaondoka na kipande kizima.

Na hili sio la klabu yetu peke yake. Muulize mtu yeyote wa umri wangu kuhusu michezo ya mwaka 1980, atakwambia Taifa Stars ilienda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na ni kweli, ilikuwa mara yetu ya kwanza na hatukurudi tena hadi 2019 kule Misri. Akiwa mjuzi ataongeza Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na medali zao za fedha za Olimpiki ya Moscow. Ila ni nani anakumbuka kwamba Moscow hiyo hiyo Tanzania tulipeleka timu ya magongo? Marekani na nchi nyingine nyingi waligomea mashindano yale kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan, mataifa makubwa ya hoki yakajitoa, nafasi zikabaki wazi, vijana wetu wakaitwa. Timu zilikuwa sita, tukawa wa sita, India walitufunga 18 kwa 0 na ndio hao hao waliobeba dhahabu. Wengine wakisikia hizo 18 wanacheka, mimi sicheki. Kwangu wale ni Waolimpiki, na magongo yetu hayajafika huko tena tangu siku hiyo. Kama nchi nzima imeweza kuwasahau, timu ya mtaani itakumbukwa na nani usipoiandika wewe?

Pili, usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili asikuangushe, na utakuwa sio wenyewe. Muulize nchi ilikuwa kwenye nini wakati huo, vita vya Kagera vilikuwa vimeisha au bado, serikali ilikuwa imeshatangaza kuhamia Dodoma (hiyo ni 1973) au bado. Mzee wetu mmoja alishikilia fainali yetu moja ilikuwa 1982, nikamuacha aendelee, mara akasema iliahirishwa kwa sababu ya msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, tena akakumbuka watu walivyokuwa wanalia barabarani maana ni hapa hapa Dodoma alipoondokea siku ile ya ajali. Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Basi fainali imepata mwaka wake.

Tatu, nenda na kitu mkononi. Mzee mwingine kwa siku mbili alinijibu ndio, hapana, sikumbuki mwanangu, nikajua ameshasahau yote. Siku ya tatu nikamletea gongo la zamani tulilolikuta stoo, kwenye mshiko limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, limechakaa upande mmoja tu kwa sababu kwenye hoki unaruhusiwa kupiga kwa ule upande bapa peke yake. Alilishika, akaligeuza, akasimama, akaanza kunionyesha pale uani walivyokuwa wanatuliza mpira kwenye kiwanja cha changarawe na upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi likipanda mpira huuoni mpaka umekufikia kwenye ugoko. Aliongea mpaka adhana ya magharibi. Simu yangu ikaisha chaji, kwa hiyo nendeni na pawabenki.

Makaratasi nayo yatafuteni ila msiyategemee sana. Daftari letu la mihtasari mchwa walishalimaliza nusu. Cheti cha usajili na katiba vikipatikana vitawasaidia, Baraza la Michezo la Taifa limeanzishwa kwa sheria ya 1967, sasa klabu ikiwa ya zamani kuliko hapo cheti kinaweza kuwa na tarehe iliyo mbali sana na siku watu walipoanza kucheza, msije mkaigeuza hiyo ikawa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa klabu. Na picha zote pigeni mbele na nyuma, majina mengi yameandikwa nyuma kwa penseli.

Sisi tunayo picha moja ya timu ya magongo, watu kumi na mmoja. Nyuma kuna majina tisa. Nikaikuza stesheneri, nikaibandika ofisini kwetu na nafasi mbili wazi chini yake. Mwezi uliopita mama mmoja anayetuuzia vitumbua aliingia kudai hela yake, akaiangalia, akaweka kidole kwa wa tatu kutoka kushoto akasema huyu ni baba. Tukaandika hapo hapo.

Amebaki mmoja, amechuchumaa mwisho kulia, soksi zake hazifanani. Mwenye mzee nyumbani aliyecheza magongo Dodoma enzi hizo aniambie, nitakuja mwenyewe na picha.