Maswali na majibu: Reli ya zamani itaingiaje chumba cha futi kumi kwa nane?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko Donholm, nimestaafu. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli na mimi nimelelewa Muthurwa, kwa hiyo treni ziko damuni. Kijana wangu ameoa, chumba chake kimebaki wazi, futi 10 kwa 8, na mama watoto amekubali nikitumie. Nataka kujenga reli ya modeli ya ile njia ya zamani, Nairobi hadi Kisumu, pamoja na mteremko wa Bonde la Ufa, na ile injini kubwa ya mvuke ya makumbusho, Garratt iitwayo Mount Gelai, ikipanda. Nimeshanunua seti ya H0 kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama: reli, kichwa kimoja na mabehewa matatu. Seti hiyo itanifaa? Na je, nifuate reli halisi kiasi gani?

JIBU: Mzee, kabla ya yote chukua rula upime nafasi iliyopo kati ya reli mbili za hiyo seti. Utapata milimita 16.5. H0 ni kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kwa hiyo zidisha 16.5 kwa 87, utapata 1,435. Huo ndio upana wa SGR, ile reli mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya babu yako ilikuwa ya mita moja kamili, milimita 1,000. Ukiiweka Garratt ya 1:87 juu ya njia ya seti yako itaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya babake, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka reli pale Kibera atajua kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki kwenye 1:87 lakini ununue reli ya milimita 12, inayouzwa kwa jina la H0m na kutumiwa sana na wanaojenga reli za milimani za Uswisi. Kumi na mbili mara 87 ni 1,044. Ya pili ni kubaki na reli uliyonunua na kukuza kila kitu kilicho juu yake hadi 1:64. Kumi na sita na nusu mara 64 ni 1,056. Zote mbili zina kosa, lakini kosa lenyewe halifiki milimita moja mezani, na sijaona mgeni aliyeliona bila rula.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza modeli za majengo kwa wasanifu, na swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni ukubwa wa meza. Chumba chako ni mita 3 kwa 2.4. Kwa 1:64 Garratt hiyo peke yake ina urefu wa nusu mita, na kona za kuizungusha zitakula chumba chote. Chukua H0m. Transfoma na kidhibiti mwendo cha seti yako vitatumika bila shida, kwa kuwa volti 12 ni zilezile. Reli na mabehewa mpe mjukuu.

Sasa Kisumu. Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa njia ya zamani ni zaidi ya kilomita 400. Kwa 1:87 hizo ni kilomita nne na nusu hivi za reli ndogo. Najua hukukusudia kuijenga yote, hakuna anayekusudia, ila tatizo lipo hata kwa kipande kidogo. Ili njia moja ipite juu ya nyingine unahitaji kama sentimita 8 za kupanda. Kwa mwinuko wa asilimia 2, ambao kichwa kidogo chenye mabehewa sita kinauweza bila kuteleza, unahitaji mita 4 za reli ili kupata hizo sentimita 8. Ukuta wako mrefu una mita 3. Na sentimita 8 mezani ni mita 7 za kweli, ilhali bonde lile linashuka mamia ya mita. Wakati wa ujenzi wenyewe Waingereza walilazimika kwanza kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma huku njia ya kudumu ikiendelea kuchongwa. Ukiiga Bonde la Ufa kwenye ukuta wa mita tatu utapata kitu kinachofanana na ngazi ya ghorofa.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulitarajia. Mount Gelai, namba 5918, ni ya daraja la 59: injini 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu unaokaribia mita 32. Hazikuwa na mpinzani kwa ukubwa kwenye reli ya mita moja duniani kote. Uzito huo ulitaka reli nene na madaraja imara, na uwanja wao mkuu ulikuwa Mombasa hadi Nairobi. Kwa hiyo unachokipenda zaidi kiko upande mmoja wa Nairobi, na mahali ulipopachagua pako upande wa pili.

Ndipo ninapofikia swali lako la mwisho, nifuate reli halisi kiasi gani. Fuata kabisa, lakini chagua mahali pamoja na mwaka mmoja. Wengi hufanya kinyume: huchukua stesheni ya Nairobi, daraja la Mazeras, simba wa Tsavo na ziwa la Naivasha, wakavipanga mezani kama picha za kalenda. Kila kipande ni cha kweli, lakini jumla yake haipo popote. Nimemwona mtu akijenga hata lile kanisa dogo la Waitalia kando ya reli yake, na kanisa lenyewe liko kwenye barabara ya kuteremkia Mai Mahiu.

Ningekuwa wewe ningejenga Konza.

Najua jina hilo leo linamkumbusha kila mtu mji wa teknolojia. Lakini Konza ya reli ni mahali njia ya Magadi inapoachana na njia kuu ya Mombasa, tawi la kilomita 146 linalopita Kajiado hadi ziwani. Angalia linavyokufaa. Ardhi ya Konza ni tambarare, kwa hiyo shida ya mwinuko imekwisha, na tawi la Magadi linaweza kuteremka kidogo tu kwenye kona kisha likapotea nyuma ya kilima cha kubandika. Njia kuu ni ile ya Mount Gelai hasa. Na la kunifurahisha zaidi, treni zako zitakuwa na kazi. Magadi hutoa magadi, yaani soda ash. Mabehewa yanapanda yakiwa yamejaa kutoka ziwani, karibu mita 1,000 chini ya Konza, yanaingia stesheni, yanaelekezwa Mombasa kwenye meli, kisha yanarudi matupu. Wakati huohuo treni ya abiria inataka kupita. Nani asubiri kwenye njia ya pembeni? Hapo ndipo mchezo ulipo. Reli ya kuzunguka tu mduara itakuchosha kabla ya Krismasi.

Vipimo ni hivi. Behewa la mizigo la mita 12 linakuwa sentimita 14 hivi. Sita ni sentimita 84. Ongeza Garratt ya sentimita 36 na nusu, unapata treni ya mita 1.2. Kwa hiyo njia ya kupishania ikiwa na mita moja na nusu inatosha, na inakaa vizuri kwenye ukuta wako wa mita 3, na pointi zake, yaani sehemu za kubadilishia njia, pande zote mbili. Stesheni halisi ni ndefu kuliko hapo, ndiyo. Punguza urefu wa njia, lakini usipunguze upana wa jengo wala urefu wa nguzo, kwa sababu jicho husamehe njia fupi lakini halisamehi mlango ambao mtu hawezi kuingia. Jenga rafu ya upana wa sentimita 45 kwenye kuta tatu badala ya meza katikati. Iweke juu, karibu na kifua chako, ili uzitazame treni kama mtu aliyesimama kando ya reli. Ukiziangalia kutoka juu utakuwa rubani. Ncha mbili za rafu zifiche njia tatu tatu za kuegeshea, moja ikijifanya Mombasa na nyingine Nairobi.

Kwa mwaka, ningechagua katikati ya miaka ya 1960, enzi ya Reli ya Afrika Mashariki, Garratt zikiwa za rangi ya damu ya mzee. Ukisogea hadi baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Kenya ikabaki na reli yake, utaanza kuhitaji dizeli. Si vibaya, ila utakuwa umejiongezea kazi. Na angalia bomba la moshi. Injini nyingi za enzi hiyo zilibadilishiwa bomba, zikawekwa la Giesl, lililobuniwa na mhandisi Mwaustria, ambalo mdomo wake ni mwembamba na mrefu badala ya kuwa duara. Bomba la duara kwenye picha na bomba la Giesl kwenye modeli ni nyakati mbili tofauti kwenye injini moja.

Garratt yenyewe usitegemee kuikuta dukani. Itakubidi uiunde, na habari njema ni kwamba umbo lake linasaidia. Garratt ni injini mbili zinazotazamana kinyume, na boila imening'inizwa katikati kwenye fremu yake. Tafuta chesi mbili za H0m, yaani fremu zenye magurudumu, zenye mota, zifungie fremu ya boila kwa pini mbili, kisha matangi na kabati la dereva uyachape kwa mashine ya 3D au uyakate kwa plastiki nyembamba. Siku hizi mjini hapa vijana wa kuchapa 3D wapo wengi, wapelekee tu mchoro wenye vipimo.

Lakini kabla hujabandika hata reli moja, fanya jaribio la kadibodi. Kata kipande chenye urefu na upana wa fremu ya boila. Toboa tundu mahali pa kila pini. Chora kona yako ya nusu kipenyo cha sentimita 60 kwenye karatasi kubwa, kisha isukume hiyo kadibodi polepole, matundu yote mawili yakifuata mstari, huku ukipiga alama ya penseli pembeni. Utaona tumbo la boila likikatiza upande wa ndani wa kona, mbali kuliko ulivyodhani. Hapo kwenye alama pasikae nguzo, taa, wala ukingo wa jukwaa. Mimi nilijua jambo hili baada ya kujenga. Niliisikia Garratt yangu ikigonga kabla sijaona: taa tatu za stesheni, moja baada ya nyingine, mbele ya wakwe.

Njia yenyewe usiiache ilivyotoka kiwandani. Reli za H0m nyingi zina mataruma ya rangi ya mbao, na njia yetu ya zamani ilijaa mataruma ya chuma. Yapake rangi ya kutu, kahawia inayoelekea wekundu, kisha pitisha brashi kavu yenye kijivu juu ya reli na mataruma. Kokoto ni mchanga uliochujwa kwa kichujio cha chai. Mwaga, panga kwa brashi laini, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi isikusanyike, halafu dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Udongo usinunue. Na usichote wa Kikuyu au Limuru kwa sababu tu ni mwekundu na unapendeza, maana kwenye tambarare za Athi utakutana na ule mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha. Siku moja panda gari hadi Konza, ujaze mkebe wa Kimbo, urudi. Ukaushe kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni, uuponde, uuchuje kwa soksi ya nailoni, kisha pitisha sumaku juu yake mara mbili tatu. Chembe za chuma zilizomo zikiachwa zitaishia ndani ya mota. Kumbuka pia kwamba udongo ukishapata gundi hukauka ukiwa mweusi zaidi ya ulivyokuwa. Changanya na majivu kidogo, jaribu kwenye kipande cha plaiwudi, subiri ukauke usiku kucha ndipo uamue. Nyasi ziwe za manjano, fupi, na chache. Watu hupanda nyasi za kijani kwa mazoea, halafu Konza inakuwa kiwanja cha gofu.

Makumbusho ya Reli, hapo karibu na stesheni, nenda siku ya kazi asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Omba ruhusa ya kupima, beba tepu ya mita 5 na mtu wa kukushikia upande wa pili. Piga picha kila kitu ukiwa umesimamisha rula ndani ya picha. Rangi ya injini usiiamini sana, imeshapakwa upya na jua la Nairobi halina huruma. Tafuta sehemu iliyofichika, chini ya matangi au nyuma ya ngazi. Anza na umbali kati ya pini mbili za boila, kwa sababu ndio utakaouhitaji kwa ile kadibodi.