Unga una foliki, vidonge vya nini? Mdogo wangu, usisubiri kliniki

Hapana hapana hapana. Nimesoma swali lako nikaacha nilichokuwa nafanya. Umeandika mnaacha uzazi wa mpango mwezi ujao, unga mnaonunua umeandikwa umeongezewa foliki asidi, ile vitamini inayosaidia mgongo wa mtoto uzibe tumboni, kwahiyo vidonge utaanza ukishashika mimba ukienda kliniki, halafu ukauliza unga upi una foliki nyingi na kama wazee na watoto hapo nyumbani wanaweza kuula bila shida. Hiyo ya "ukishashika mimba" ndo imenikaba, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi, na mwanangu wa kwanza akazaliwa na mgongo wazi.

Ngoja nikupe hesabu ambayo mimi hakuna aliyenipa. Mimba ikitungwa, ubongo na uti wa mgongo vinaanza kama kibamba bapa, kingo zake zinajikunja mpaka zinakutana, panakuwa kama bomba. Bomba hilo linatakiwa liwe limeziba ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku 28! Sasa we utajua lini una mimba? Mpaka siku zako zichelewe, na hapo wiki mbili zimeshaenda. Utasema labda uchovu, labda mawazo, utasubiri wiki moja, wiki mbili, ndo upime, ufurahi, upige simu kwa mama, na muda wote huo bomba limeshaziba au limeshashindwa kuziba. Kliniki wao wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwahiyo kwa hesabu yao hiyo ni wiki ya 6 tu. Mi kliniki nilienda wiki ya 11. Nikapewa vidonge, nikavimeza kila siku sikuruka hata kimoja, damu vilinisaidia kuongeza kweli, lakini ule muda wa foliki kumkinga mtoto, wa bomba kuziba, ulikuwa umeshapita zaidi ya mwezi.

Na sio kwamba sikuuliza! Miezi miwili kabla nilienda duka la dawa nikasema tunatafuta mtoto, naomba foliki. Yule bwana akacheka, akaniambia dada hizo ni za wajawazito, ukishika mimba utapewa, saa hizi unapoteza hela. Nikaona aibu nikaondoka. Mtu umevaa koti jeupe, umekaa nyuma ya kaunta ya dawa, unamcheka mteja kwa kitu usichokijua! Utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulitoka 1991, wanawake ambao mimba zao za nyuma zilishapata tatizo hili walipewa miligramu 4 kuanzia KABLA ya mimba, na kujirudia kukapungua kwa asilimia 72. Marekani kufikia 1998 ikawa ni lazima unga uliorutubishwa uwekewe foliki. Mambo yameshajulikana miaka yote hiyo, yeye anacheka. Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo na sina haraka ya kuimaliza.

Unga siudharau, usinielewe vibaya. Karibu nusu ya mimba zote duniani hazikupangwa, hao nani atawaambia wameze kidonge kabla? Unga ndo unawafikia bila wao kujua, na nchi zilizouwekea foliki wamepungua watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Ila unga sio dozi. Kiwango cha Marekani kwa mfano ni mikrogramu 140 kwa gramu 100 za unga, wakati mwanamke anayetafuta mimba anashauriwa kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, juu ya anachokula. Siku usipoula huo unga je? Au ukila kidogo? Halafu foliki asidi inaongezwa kiwandani, mi nilikuwa nasagisha mwenyewe huku nikiamini kila unga unayo.

Mwanangu alifungwa mgongo akiwa na siku mbili, baadaye akawekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Mpaka sasa tunamtoa mkojo kwa mpira kila baada ya masaa manne. Simjutii hata sekunde moja, ni mtoto wa maswali kutwa nzima na nampenda mpaka naumwa. Daktari wake alinieleza wazi kwamba foliki haizuii kila kesi, kwahiyo siwezi kuapa ningemkinga. Lakini nafasi ya kujaribu sikupewa, na hiyo ndo inaniuma.

Kwahiyo shika hili moja tu: kidonge kwanza, mimba baadaye. Angalau mwezi mzima kabla, kila siku, na uendelee mpaka wiki ya 12. Kama ulishawahi kupata mimba yenye tatizo kama hili, au una kisukari, au unatumia dawa za kifafa kama valproeti, hizo 400 hazikutoshi, wengi huandikiwa miligramu 4 au 5, ila hiyo aandike daktari. Dawa za kifafa usiache ghafla kwa sababu ya uzi huu, nenda kwanza ukaongee naye. Wala usijiongezee dozi kwa kubugia vidonge vingi vya multivitamini, vitamini A ikizidi inamdhuru huyo huyo mtoto. Mi mimba ya pili nilianza miligramu 5 miezi mitatu kabla, binti yangu akazaliwa mgongo umeziba vizuri, nilimgeuza nikamkagua mwenyewe kabla sijamwangalia hata uso.

Hiyo ya mwezi ujao isogezeni. Anza kumeza leo jioni, hesabu siku 30 kamili, ndo muache uzazi wa mpango. Na mtu wa dukani akikwambia hizo ni za wajawazito, usione aibu kama mimi, simama hapo hapo mpaka akupe.