Kwenye "substitute", tazameni kwanza nani anaingia na nani anatoka

Wadogo zangu mnaoanza kutafsiri hapa Goma, nimeletewa tena rasimu yenye kosa lile lile la "substitute", kitenzi cha Kiingereza cha kuweka kitu kimoja mahali pa kingine, na safari hii siwezi kunyamaza.

1. Katika "substitute A for B", A ndiyo inaingia, B ndiyo inatoka. Ninyi mkiona "for" mnaweka "kwa", na maana inapinduka papo hapo, kwa sababu kwetu "badilisha A kwa B" ni kutoa A ili upate B. Rasimu yenyewe ilikuwa tangazo la kipindupindu, la kubandikwa mahali watu wanapochota maji. Kiingereza kilisema "substitute treated water for lake water". Kijana mwenye bidii, Kifaransa chake safi, akaandika: "Badilisheni maji yaliyotiwa dawa kwa maji ya ziwa." Someni kwa sauti! Tunawaambia akina mama wamwage maji ya klorini, kisha washuke ziwani Kivu na mabidoni. Tena ni Goma hii, ambako mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda ndani ya wiki chache. Tangazo lilikuwa halijachapwa, namshukuru Mungu. Lakini wenzake walikuwa wameshalisoma na kulipitisha, kwa kuwa kila neno, ukilitazama peke yake, liko sawa. Andikeni: "Tumieni maji yaliyotiwa dawa badala ya maji ya ziwa." Mkiwa na "badala ya", hakuna mama atakayepotea njia.

2. Kifaransa chenu kiwasaidie: "substituer A à B" ina mpangilio huo huo. "Replace" inafuata "remplacer": "replace B with A", kinachotoka kinatangulia.

3. Mtakutana pia na "substitute B with A". Walimu wengi wa Kiingereza wanaikataa, lakini watu wanaiandika na kamusi zinaitaja. Hapo B ndiyo inatoka. Basi msikimbilie kitenzi kabla ya kuona kama nyuma yake kuna "for" au "with".

4. Kwenye mpira, mchezaji aliyekuwa "substituted" dakika ya 70 ametolewa. Aliyeingia ndiye "came on as a substitute". Kijana yule yule wa maji hakukosea hapa hata kidogo. Nilipomuuliza amejuaje, akasema: "Muzee, mechi niliitazama." Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwenu! Hata karatasi ya maji itazameni hivyo: bidoni gani inawekwa kando, bidoni gani inaletwa mezani. Mkishaona, ndipo muandike.

5. "Replace the cap" kwenye maelezo ya bidoni au chupa ya dawa ni kurudisha kifuniko mahali pake. Ukiandika "badilisha kifuniko", umemtuma mama wa watu soko la Virunga kutafuta kipya, na maji yake ameyaacha wazi.