Kosa Halipo Mstari wa Mwisho

Juzi usiku kijana mmoja wa Masasi ameniandikia: "Kaka, siku ya tatu leo nakompaili, inagoma. Inasema Error 2. Nifanyeje?" Akaambatanisha picha ya skrini yenye mistari mitatu. (Kukompaili ni kugeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa programu inayoendeshwa na mashine.) Nilimjibu kwa kifupi, lakini usingizi ulichelewa, maana swali lake lilinirudisha kwenye jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Ulikuwa msimu wa korosho. Ofisi moja hapa Mtwara mjini ilinipa kazi ya kuweka mfumo wa kupokea uzito kutoka maghalani. Seva yao ilikuwa na Ubuntu 18.04, aina ya Linux, ambayo huja na lugha ya programu ya Python toleo la 3.6, na mfumo ulitaka 3.10. Nikawaambia hilo ni dogo, napakua msimbo wake nakompaili mwenyewe, Ijumaa mnaanza kazi. Nililisema mbele ya watu.

Alhamisi usiku nikaandika ./configure, inayokagua mashine, kisha make, inayokompaili. Maandishi yakamiminika. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya. Karibu na mwisho yakapita maneno "Could not build the ssl module!" Niliyaona kwa macho yangu nikayaacha yapite, kwa kuwa make haikusimama; ilifika mwisho, nami nikahesabu mambo yamekwenda salama. Asubuhi pip, kipakuzi cha vifurushi vya Python, ikakataa kuleta hata kifurushi kimoja: moduli ya ssl, ya mawasiliano salama ya mtandao, haipo. Nikafuta, nikakompaili tena vilevile, mara nne, bando likaisha, Ijumaa ikapita.

Jumatatu wakamwita fundi kutoka Dar es Salaam. Akapandisha maandishi juu, akausoma mstari uleule nilioupuuza, akaandika:

sudo apt install libssl-dev

Akarudia ./configure na make, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa kazini. Mkubwa wa ofisi hakunisema neno. Ila kazi iliyofuata hakunipa, na nilikuwa naihitaji sana.

Mimi nilishikilia kwamba OpenSSL, maktaba ambayo moduli ya ssl huitegemea, ipo kwenye mashine, na kweli ilikuwepo. Nisichokielewa ni kwamba Ubuntu na ndugu yake Debian hutenganisha maktaba ya kuendeshea programu na faili za kukompailia. Hizo za pili zimo kwenye kifurushi chake, na jina lake huishia na -dev. Kwa hiyo ukiona "zlib.h: No such file or directory", yaani faili la maktaba ya zlib halijapatikana, usibishane na mashine kama nilivyobishana mimi. Weka zlib1g-dev, kisha uanze tena na ./configure, kwa sababu hiyo ndiyo inayokagua kilichopo na kisichopo.

Na hiyo Error 2, ndugu zangu, ni make inatoa taarifa tu kwamba amri fulani chini yake imeshindwa. Chanzo kiko juu, pengine mistari mia mbili nyuma. Andikeni hivi:

make 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Amri hiyo huhifadhi maandishi yote kwenye faili la kumbukumbu.txt. Kisha fungua faili hilo, tafuta neno error la kwanza kabisa. La kwanza! Mengi yanayofuata huwa ni watoto wake. Ukikuta "Killed", mara nyingi kumbukumbu ya mashine (RAM) imejaa. Punguza kazi za pamoja kwa make -j1, uwe na subira. Na kwa Python, ukifika hatua ya kuiweka kwenye mashine, tumia make altinstall badala ya make install, usije ukafunika python3 ambayo mfumo wenyewe unaitegemea.

Tuna haraka mno sisi. Tunanakili mstari wa mwisho, tunakimbilia intaneti, tunabandika amri za watu ambao hawajaiona mashine yetu, na maelezo yenyewe yapo palepale kwenye skrini hatujayasoma. Someni. Kiingereza kikikupiga chenga, soma polepole, neno kwa neno, lakini soma. Mwezi huu nimekompaili PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa mteja mwingine, ikasimama mara mbili, na mara zote mbili jibu nililipata ndani ya faili la kumbukumbu, bila kumpigia mtu simu.

Mdogo wangu wa Masasi, ile picha haitoshi. Nitumie kumbukumbu.txt yote, kuanzia mstari wa kwanza, leo jioni nitakuwa mezani.