Swali la Lugha: Jarida, Waraka au Barua?

Msomaji wetu wa Dodoma, ambaye kwa maelezo yake anaongoza kikundi cha wahandisi wa programu, ameuliza hivi: "Nakusudia kuwaandikia wenzangu wa fani hii kila baada ya wiki mbili, kwa barua pepe, juu ya mambo niliyojifunza tangu nilipoacha kuwa mhandisi wa kawaida nikakabidhiwa wenzangu niwaongoze. Jina nililolipata ni Jarida Binafsi la Uongozi wa Uhandisi wa Programu. Rafiki yangu mmoja anasema niliite waraka, na mwingine anadai kwamba neno linalofaa ni usimamizi, wala si uongozi. Nani yu sahihi? Na je, niseme makala hii au makala haya?"

Jina hilo halina kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba karibu kila neno lililomo linamwahidi msomaji kitu ambacho mwandishi hakukusudia kukitoa, na ndiyo maana ni vyema tulipitie neno moja moja, tukianza na lile la mwanzo.

Jarida na waraka ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na kwa sadfa ya kupendeza yote mawili yalianzia mtini: huko kwao jarida lilikuwa kuti la mtende lililopukutishwa majani, na waraka ni jani, kisha karatasi. Kiarabu cha leo huliita gazeti jarida, lakini Kiswahili kimelipa neno hilo kazi ya chapisho linalotoka kwa vipindi, lenye mhariri, mara nyingi lenye bodi, na ambalo huandikiwa na watu wengi. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano ambao wanafunzi wa lugha wanaufahamu. Mtu mmoja anayeandika usiku baada ya kazi, akasahihisha mwenyewe na kutuma mwenyewe, hana jarida kwa maana hiyo. Wako wanaokwepa ugumu huo kwa kusema kijarida, na neno hilo linakubalika, ila kiambishi ki- hupunguza umbo na wakati mwingine hupunguza na heshima, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuidogosha kazi yake kabla wengine hawajaisoma.

Waraka una mzigo wa aina nyingine. Washairi wa mwambao waliutumia kwa barua yoyote, na wengi wao waliifungua tungo yao kwa kuutuma waraka uende kwa fulani ukamsalimu. Waumini wa Kikristo nao wanazifahamu nyaraka za Paulo. Lakini kwa mtumishi wa Tanzania leo, waraka ni karatasi inayoshuka kutoka juu: wizara imetoa waraka, shule zinautekeleza. Anayeupokea waraka hujiuliza ameamriwa nini. Tena wingi wake, nyaraka, umepanuka ukawa jina la hati za kila namna, yakiwemo maelezo yanayoambatana na programu, na mhandisi akiambiwa kwamba ametumiwa nyaraka atadhani ni kazi nyingine ya ofisini.

Linabaki barua, neno ambalo msomaji wetu amelitumia mwenyewe katika swali lake, tena mara moja tu, pale alipotaja barua pepe. Barua ina mwandikaji anayejulikana na mwandikiwa anayehesabiwa kuwa mtu, hata kama wapokeaji ni mia tano. Inaruhusu nafsi ya kwanza bila kuomba radhi. Mimi ningechagua hilo, na ningelichagua pia kwa sababu linaondoa haja ya neno la pili katika jina lake, yaani binafsi. Kwetu Tanzania shule binafsi ni shule isiyo ya serikali, na hospitali binafsi vivyo hivyo (wenzetu wa Kenya husema ya kibinafsi), kwa hiyo jarida binafsi litaeleweka kuwa ni jarida lisilo la serikali, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na shaka nalo. Kama maana inayotafutwa ni kwamba maoni ni ya mwandishi na si ya mwajiri wake, basi sentensi moja chini ya barua, "haya ni maoni yangu mimi binafsi", itatosha, na hapo neno litakuwa limekaa mahali pake pa asili.

Kuhusu uongozi na usimamizi, nitakaa kidogo, kwa kuwa rafiki wa pili amegusa jambo lenye historia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na mtu aliyeitwa kirangozi. Huyu alitangulia mbele na bendera, akiijua njia, naye alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi, mwenye mzigo wake, japo mwepesi kuliko ya wengine. Palikuwa pia na mnyampara, mkuu wa wapagazi, aliyewajibika kwa watu wenyewe. Jina la wa kwanza halitofautiani sana na kiongozi tunayemjua leo. La pili limeporomoka: nyapara wa sasa ni msimamizi mkali wa vibarua, au mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake, na hakuna anayependa kuitwa hivyo.

Tofauti hiyo inafanana na ile iliyomo katika fani ya msomaji wetu. Yuko anayeonyesha njia ya kitaalamu huku akiendelea kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu, pamoja na kikundi chake, na huyo tunaweza kumwita kiongozi wa kiufundi. Yuko pia anayeshughulika na watu: kuwaajiri, kuzungumza na kila mmoja faraghani, kupima utendaji wao, kuwatetea mbele ya wakubwa. Huyo ni meneja wa wahandisi, na kazi yake kuiita usimamizi si kosa. Kama barua zitahusu kazi zote mbili, uongozi ndilo neno pana zaidi, ingawa nalo lina hila yake, kwani tangazo likisema "uongozi wa kampuni unawajulisha", uongozi hapo ni kundi la wakubwa, si tendo. Kwa hiyo napendekeza kitenzi. Kuongoza hakuwezi kudhaniwa kuwa ofisi, na kina ndugu mzuri, kuongozana, ambako maana yake ni kwenda pamoja.

Kitenzi kinatuokoa pia na mkia mrefu wa viunganishi. Katika "uongozi wa uhandisi wa programu" kuna nomino tatu na hakuna hata mtu mmoja. Tukisema "uongozi wa wahandisi" watu wanatokea, lakini haijulikani kama wahandisi wanaongoza au wanaongozwa. "Kuongoza wahandisi wa programu" hakuna utata: yambwa, yaani anayetendewa, imekaa mahali pake. Mhandisi wa programu, kwa maoni yangu, ni afadhali kuliko mtayarishaji programu, ambaye wasikilizaji wa redio watamdhania kuwa mtu wa vipindi. Na neno msimbo lisionewe haya, kwani ukiandika kwamba kikundi chako kinaandika kodi, kwa kuiga "code" ya Kiingereza, Mtanzania atafikiria mamlaka ya mapato au mwenye nyumba.

Swali la makala lina jibu fupi. Kwa Kiarabu neno hilo ni umoja, na silabi ya ma- ni sehemu ya shina, ila sikio la Mswahili liliisikia kama kiambishi cha wingi, ndipo likazaliwa "makala haya", ambalo Kenya limeenea sana. Jambo kama hilo lilimpata mhandisi: mu- ya muhandis ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya watu, tukapata wahandisi na uhandisi bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi huandika makala hii na makala hizi, kwa sababu napata umoja na wingi vilivyo wazi. Anayependelea haya aendelee, mradi asichanganye katika barua moja.

Jambo moja hakuuliza, lakini litamkuta mapema. Tumezoea kuita kila chapisho la mfululizo toleo, na toleo ndilo neno hilohilo wahandisi wanalolitumia kwa programu inapofanyiwa mabadiliko na kutolewa upya. Barua itakayosema "katika toleo la tatu tulikosea" itawafanya wasomaji waulize ni la programu au la maandishi. Aandike Barua ya Kwanza, Barua ya Pili, na neno toleo aliachie programu. Jina lenyewe nadhani liwe Barua kwa Wanaoongoza Wahandisi wa Programu, na akiona ni refu, aondoe maneno mawili ya mwisho, wanaoandikiwa watajijua.