Maswali ya safari: Nimpeleke mama kwenye kona ya mto Fish?

*Maswali ya ukurasa huu hujibiwa na dereva mstaafu wa magari ya watalii, mkazi wa Moshi, aliyeendesha njia ya Nairobi hadi Cape Town kwa miaka 19.*

Shikamoo mzee. Mume wangu amepata kazi ya mkataba Windhoek, na Desemba tutamfuata kwa wiki tatu: mimi, watoto wawili na mama yangu mzazi mwenye miaka 67. Mama ameona picha ya mto uliojikunja kama kitanzi chini kabisa ya korongo, pembeni hakuna nyumba wala shamba. Tumeambiwa ni mto Fish, kusini mwa Namibia. Kila jioni anaomba simu aitazame tena. Goti lake la kulia linamsumbua. Je, tunaweza kwenda na kurudi siku moja? Na tunaweza kushuka hadi majini? – Mama Neema, Iringa

Marahaba, Mama Neema. Mpe mama salamu zangu na umwambie ataiona, goti na yote.

Ramani huiita kona hiyo Hell's Bend, yaani kona ya jehanamu. Jina hilo sijawahi kulipenda. Nimesimama pale safari nyingi, na kila mara abiria wangu waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi walinyamaza wenyewe. Mahali pa namna hiyo mimi siwezi kupaita jehanamu.

Siku moja haitoshi, ondoa wazo hilo kabisa. Kutoka Windhoek ni zaidi ya kilomita 600. Lami ya B1 itakufikisha Keetmanshoop, na hapo mlale. Asubuhi jazeni tangi, maana mbele yake vituo ni vya kuhesabu. Shikeni barabara ya B4 kuelekea magharibi hadi Seeheim, kisha mwingie kwenye changarawe, C12 halafu C37, hadi lango la Hobas. Kutoka langoni hadi ukingo wa korongo ni kilomita 10 hivi. Wanaendesha kushoto kama sisi, hilo halitampa mumeo shida.

Changarawe ndiyo itakayompa shida. Inaonekana laini, imenyooka, na dereva asiyeizoea hujikuta yuko 100 bila kujua. Mwambie asipite 70. Kuna mahali barabara inazama ghafla pale mkondo mkavu unapoikatiza, na ukikanyaga breki kwa nguvu juu ya kokoto gari linakwenda linakotaka lenyewe. Mwaka mmoja tairi langu la nyuma lilipasuka kabla ya Hobas. Spea ilikuwa nzima, lakini jeki ilizama kwenye mchanga, na tulikaa karibu saa tatu bila kuona gari lolote. Nilikuwa na abiria 18. Kilichotuokoa ni pipa la maji nililolijaza Keetmanshoop. Tangu siku ile nabeba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, na lita tano za maji kwa kila mtu kwa siku. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata kama watoto watalalamika kwamba gari limejaa.

Sasa kuhusu Desemba. Naelewa kwamba mmepanga kwa likizo ya shule, lakini Desemba kusini mwa Namibia ni kiangazi cha kweli. Joto hupita nyuzi 40, mawe yanahifadhi moto hadi usiku, na mama wa miaka 67 hatafurahia chochote baada ya saa tatu asubuhi. Ningekuwa mimi, ningeiahirisha sehemu hii ya safari hadi likizo ya Juni. Mchana wa Juni ni wa kupendeza. Usiku ni baridi kali, ya kwenu Mufindi, kwa hiyo chukueni mablanketi. Na Juni maji yanapatikana mtoni, madimbwi marefu ya kijani yanayochora ile kona. Mto Fish hautiririki mwaka mzima. Hufurika mvua za mwishoni mwa majira ya joto zikinyesha, kisha unapungua na kubaki madimbwi. Mtu anayekwenda Desemba anaweza kukuta mchanga mtupu na kudhani amedanganywa na picha.

Kama haiwezekani kuahirisha, basi lazima mlale Hobas penyewe, mfike ukingoni alfajiri, na saa tatu muwe mmerudi kivulini.

Kushuka, hapana. Matembezi ya siku moja ndani ya korongo yamekatazwa. Wanaoruhusiwa kushuka ni wenye kibali cha njia ndefu tu, ambao nitawaeleza kwa msomaji anayefuata. Marufuku hiyo naiunga mkono. Pale ukuta una kina cha mita 500 na zaidi. Kushuka kunadanganya kwa sababu miguu inakwenda yenyewe, na joto la chini ni kali kuliko la juu. Niliwahi kumrudisha kijana mmoja aliyeteremka mita chache tu kutafuta pembe nzuri ya kupiga picha. Alirudi midomo imekauka, hawezi kusema.

Kwa bahati nzuri, kona hii ni ya kuonekana kutoka juu. Ukiwa chini unaona ukuta mbele na ukuta nyuma, hujui kama mto umepinda. Pale kituo kikuu cha kutazamia gari hufika karibu na ukingo, na kuna banda la paa ambalo mama atakaa kivulini. Mchukulieni kiti chake cha kukunja. Watoto washikeni mikono, maana genge lile ni refu na sehemu kubwa ya ukingo haina uzio.

Na mkae. Hilo ndilo ninalokuomba kuliko yote. Magari mengi hufika, watu wanapiga picha dakika kumi, wanaondoka. Ninyi nendeni jioni, kisha mrudi asubuhi inayofuata. Kituo kipo upande wa mashariki wa korongo, kwa hiyo jioni jua linazama mbele yenu, ng'ambo, na kivuli kinapanda ukutani taratibu hadi mto unapotea. Asubuhi jua linatokea mgongoni na kuingia korongoni kutoka juu kwenda chini. Kwanza linaangaza tabaka za juu, zilizolala moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Kisha linafika kwenye mwamba mweusi wa chini, na mwisho kabisa linaigusa kona. Juni jua huchelewa kule, huchomoza baada ya saa moja na nusu. Mama awe amekunywa chai yake kabla. Saa za lango ulizeni mnapolipia kiingilio.

Mzee, mimi na rafiki yangu tunataka kutembea korongo lote kwa miguu. Tunahitaji nini? – Kijana wa Arusha

Mnahitaji mtu wa tatu, kwanza, kwa sababu hawaruhusu kikundi cha chini ya watatu. Njia ni kilomita 85 hivi, kutoka Hobas hadi chemchemi za moto za Ai-Ais, siku nne au tano. Hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa 15 Septemba. Wanadai cheti cha daktari cha hivi karibuni, na kibali hukatwa mapema sana. Mteremko wa kwanza una minyororo ya kujishikia. Chakula, blanketi na sufuria vyote mgongoni, maana kule chini hakuna duka wala mbeba mizigo.

Viatu vivaeni Arusha mwezi mzima kabla ya safari. Nimewasubiri watembezi wengi Ai-Ais, na waliotoka wakichechemea walikuwa wa viatu vipya.

Siku za mwisho mtapita kaburi la afisa wa Kijerumani, Thilo von Trotha, aliyeuawa humo 1905 wakati wa vita dhidi ya Wanama. Simameni pale kidogo. Ni ukoo mmoja na Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904. Jenerali huyo huyo alikuwa kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku kwetu kati ya 1894 na 1897, Mkwawa akiwa bado anawindwa. Mtanzania anayepita pale hapiti kama mgeni kabisa.

Nafundisha jiografia Iten. Wanafunzi wameniuliza kwa nini mto upinde hivyo kwenye mwamba mgumu, badala ya kukata moja kwa moja. Je, ni kweli hili ni korongo la pili kwa ukubwa duniani? – Mwalimu

La pili niliache, Mwalimu. Mabango yanasema hivyo, lakini mimi nimeteremka bonde la Abbai kule Ethiopia, na lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 1,000. Korongo la Fish lina urefu wa kilomita 160 hivi, na upana unafika 27. Linatosha kwa ukubwa wake.

Kuhusu kupinda, anza na dirisha lako. Ninyi wa Iten mnaishi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mnaona Kerio chini. Korongo la Fish nalo lilianza kwa ardhi kupasuka na kuzama katikati, zamani za kale mno kuliko bonde lenu. Ukisimama Hobas unaona makorongo mawili, moja ndani ya jingine: la nje ni pana, limetokana na kuzama huko, na la ndani ni jembamba, limechimbwa na mto. Mto ulipata tabia ya kujikunja ukiwa bado unapita polepole kwenye tambarare, kama mito inavyofanya kwenye matope. Kisha nchi ikainuka. Maji yakapata nguvu ya kukata kwenda chini, lakini njia ilikuwa imeshachorwa, yakachimba pale pale, kona kwa kona.

Wasani, wawindaji wa asili wa kule, wana maelezo yao. Joka kubwa, Koutein Kooru, lilikuwa linawindwa, likakimbilia jangwani, na kila lilipojipinda kukwepa lililima ardhi kwa mwili wake. Wasimulie wanafunzi yote mawili, kisha wape kalamu wachore kona ile, nusu ya darasa wakifuata maji na nusu wakifuata joka. Michoro nitumieni kupitia gazeti. Nitaibandika ukutani.