Saini za wanasiasa wa Marekani wa karne ya 19: anza na maseneta kabla ya Lincoln

Umeuliza kama mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kukusanya saini za wanasiasa wa Marekani wa karne ya 19, na kama ni busara kudunduliza fedha ili uanze na Lincoln. Kwa uzoefu wangu, Lincoln mwache kwanza. Bei yake ni kubwa mno, na ni miongoni mwa walioghushiwa sana. Joseph Cosey, aliyevuma kwa kazi hiyo miaka ya 1930, aliuiga mwandiko wake kwa ustadi uliowahadaa hata wazoefu.

Anza na maseneta, hasa kwa barua zilizopita posta bila malipo. Wabunge walikuwa na haki ya kutuma barua bure kwa kutia saini upande wa anwani, haki iliyofutwa mwaka 1873 na kurejeshwa baadaye, na kwa sababu hiyo vigogo kama Henry Clay, Daniel Webster na John C. Calhoun walisaini mara nyingi sana, kiasi kwamba bei zao ni nafuu ukilinganisha na uzito wao katika historia. Ninayo moja ya Clay ambayo sichoki kuitazama: ni karatasi iliyokunjwa ikajifunika yenyewe, kama ilivyokuwa desturi kabla ya bahasha kuenea, na nyuma yake pana tundu dogo mahali lakiri ilipobanduliwa. Wino umegeuka kahawia. Kwa kioo cha kukuzia, mistari inayoshuka inaonekana minene na inayopanda myembamba, bila kusita popote. Saini ya juzijuzi juu ya karatasi kuukuu mara nyingi hujifichua yenyewe, kwa kuwa ile gundi iliyozuia karatasi isifyonze wino imekwisha nguvu, na wino hutambaa kwenye nyuzi.

Hata hivyo, hatari inayowanasa wengi zaidi ni maandishi ya zama zilezile yaliyotiwa na mkono wa mtu mwingine. Hatimiliki za ardhi ya serikali zilisainiwa na Rais mwenyewe hadi mwaka 1833, Bunge liliporuhusu katibu amsainie. Hivyo hati ya 1831 yenye jina la Andrew Jackson na ile ya 1835 hufanana kwa sura, ilhali ya pili ni kazi ya katibu. Andrew Johnson naye, ambaye mkono wake uliwahi kuvunjika, alitumia sana muhuri wa saini alipokuwa Rais. Kwa hiyo tazama tarehe kabla ya jina.

Jackson ninamtafuta kwa sababu nyingine pia: ni katika utawala wake Marekani ilipofunga mkataba na Seyyid Said huko Muscat mwaka 1833, mkataba uliofungua njia kwa Richard Waters wa Salem kufika Unguja mwaka 1837 akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani.

Vipande vilivyokatwa kutoka kwenye barua ili kubandikwa katika albamu ni rahisi kununua, lakini vimepoteza tarehe na maudhui, yaani ushahidi wenyewe. Mimi sivinunui tena. Utakachopata, kihifadhi kwenye jalada lisilo na asidi, mbali na jua, na kamwe usikitie utepe wa gundi wala plastiki ya kubana kwa moto.